Ugomvi wa Kupeleka Tanga

Sikudhani Chaurembo hakwenda Tanga kutalii. Wenzake walikwenda kutazama mapango na kukanyaga maji ya Raskazone. Yeye alikwenda kugombana. Ugomvi wake alikuwa ameutunza miaka miwili, ameupika mpaka umeiva, na hakuwa na njia ya kuufikisha isipokuwa kuupandisha treni na kwenda kuutua mwenyewe mbele ya mhusika. Mtandaoni usingefika. Siku hizi mtandaoni hakifiki kitu kama kilivyotoka, na ndiyo maana fundi cherehani wa Kisarawe, mwanamke mwenye kazi zake na magoti yanayouma, alijikuta amesimama kwenye jua kali la Tanga akizungushwa na mwalimu mstaafu asiyejua njia.

Mwalimu Salvatori Ndunguru alitoka Mbinga, na Tanga ndiyo kwanza aione. Hilo halikumzuia kujitwisha uongozi. Alishuka kwenye treni na kofia ya pama, akawasalimia wenzake kwa kuwakumbatia mmoja mmoja, akatangaza kwamba ameusoma mji mzima kabla ya kuja, kisha akaanza kutembea. Bi Mwanasiti, ambaye ndiye mwenyeji, alizaliwa Chumbageni, akaolewa Ngamiani, akaachwa hukohuko Ngamiani, na hakuna uchochoro wa mji ule asioujua. Lakini nyonga ilikuwa inamsumbua, akawa anakuja nyuma na mkongojo wake, akipaza sauti kwamba wapinde kulia. Mwalimu akanyoosha. Akapaza sauti kwamba huko mbele njia imefungwa, wanajenga ukuta wa kuzuia bahari. Mwalimu akaongeza mwendo.

Hawa watu walikuwa wamefahamiana miaka sita bila kuonana. Waliokotana kwenye baraza moja la mtandaoni la wapenzi wa redio za zamani, zile za betri kubwa na waya wa kuning'iniza dirishani. Kila mmoja alikuwa na redio ya marehemu fulani isiyotengenezeka. Redio ziliwaunganisha, kisha zikasahauliwa, wakabaki wao wanne na habari zao za wajukuu, presha na bei ya mchele. Wazo la kukutana lilikuwa la Mwalimu, na Mwalimu akishika jambo haliachii.

Walipoupita mnara wa saa kwa mara ya tatu, Bi Mwanasiti alisimama.

"Mwalimu," alisema, "huu mnara umeshatuchoka. Unatupoteza, baba, na mimi nyonga inaniua."

Mwalimu aligeuka, uso umemjaa furaha, akagusa kofia yake. Akasema kwamba hata yeye amefurahi sana kutembea nao, na mji ni mzuri kuliko alivyotarajia. Kisha akaendelea na safari yake, hana hili wala lile.

Bi Mwanasiti alimtazama Sikudhani, Sikudhani akamtazama Bi Mwanasiti. Ndipo Sikudhani alipokiona. Kwenye sikio la kulia la Mwalimu, chini ya ukingo wa kofia, kilikuwamo kitu kidogo cha fedha, ukubwa wa punje ya mchele.

"Mama yangu," alisema. "Huyu kavaa kipuli."

Basi kazi ilikuwapo. Kipuli ni Staha ya sikioni, na Staha ndiyo hasa iliyomtoa Sikudhani Kisarawe. Ilianza kama sheria nzuri. Miaka ile watu walitukanana mitandaoni mpaka wengine wakajitoa roho, wakubwa wakaona yatosha, wakaamuru kila neno linalopita hewani lipitie kwanza kwenye mtambo wa kampuni moja iliyojiita Staha. Mtambo unasikiliza, unapima ukali, unalainisha, kisha unamfikishia mwenzako kwa sauti yako mwenyewe. Mwanzoni ulishughulika na mabishano ya hadharani tu. Baadaye ukaingia kwenye mabaraza ya marafiki na simu za nyumbani. Watu walinung'unika, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuufaidi: ukiwa na hasira unaitema yote kwenye simu, ukijua mwenzako atapata maji ya uvuguvugu. Sikudhani mwenyewe alikuwa mtemaji hodari. Kila mtu aliamini kwamba mtambo unabadili ladha tu, maana yenyewe hauigusi. Kampuni ndivyo ilivyosema, na nani alikuwa na muda wa kuhakikisha?

Kipuli kilikuja mwishoni, kwa wenye uwezo, kuwalainishia hata maneno ya ana kwa ana. Mwalimu alinunuliwa chake na mwanawe alipostaafu. Alisema tangu siku ile dunia imekuwa na adabu.

*

Mhusika aliwangoja kwenye Bustani ya Jamhuri, kwenye benchi linalotazama bandari. Alikuwa Mihayo Kapela, fundi wa injini za treni wa Tabora, mtu mrefu mwenye mikono iliyoingia grisi isiyotoka. Sikudhani alimtambua kabla hajaambiwa. Moyo ulimpiga, akaukunja uso kuusaidia.

Hapa lazima ieleweke kwamba Sikudhani ni Mzaramo na Mihayo ni Mnyamwezi. Tangu enzi za misafara watu hao ni watani, na wawili hawa waliushika utani wao baraza likiwa halijatimiza mwezi. Kabla mtambo haujawaingilia, hawakuachiana kitu. Mihayo akimwita mla nazi, mvivu wa Pwani anayelima akiwa amelala. Sikudhani akimwambia babu zake walibeba pembe za ndovu za watu mpaka shingo zikaingia ndani, ndiyo maana Wanyamwezi wote wanavaa kola kubwa. Wengine walitaka kuwaamulia, Bi Mwanasiti akawakataza. Utani ni undugu. Mtani hana samahani wala tafadhali, na mtani akifiwa, wewe ndiye wa kwanza kufika msibani kufanya fujo.

Sasa mtani huyu alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akampa mkono.

"Habari za safari, mama," alisema.

Mama! Sikudhani alihisi kama amepigwa kibao. Miaka ya kuitwa kila aina ya jina, na siku ya kuonana uso kwa uso, bila mtambo wowote katikati, anaitwa mama kama mteja aliyeingia dukani. Alijibu kwamba safari ilikuwa njema, baba, na kwamba anamshukuru Mungu. Wakakaa kwenye ncha mbili za benchi. Mwalimu akasema amefurahi kuona wanavyoheshimiana, na akataka kuwapiga picha.

Sikudhani alikuwa na hotuba yake tayari. Aliikariri njia nzima kwenye treni: kwamba mama yake, Bi Mwavita, alipofariki, watu wote walileta pole, na mtani wake peke yake ndiye aliyetakiwa kuleta fujo, lakini naye akaleta pole. Tena pole gani. "Poleni kwa msiba mzito. Tuko pamoja katika kipindi hiki kigumu." Maneno ya kuandikwa kwenye shada la maua la ofisi. Alijua Staha imepita hapo, sawa, imeondoa kapilipili. Lakini pole ni pole, ndivyo alivyoelewa. Angesema jambo jingine lingefika jambo jingine. Mama yake alizikwa kimya, hakuna aliyelizuia jeneza, hakuna aliyewachekesha wafiwa, na Sikudhani hajalia mpaka leo. Kilio kilimkaa kifuani kikagoma kutoka.

Kila alipofungua mdomo aanze, Mwalimu alikuwa na jambo. Mara anasoma maandishi kwenye kibao cha kumbukumbu, mara anataka kujua ile meli inapakia nini. Alikatizwa mara nyingi mpaka hotuba yenyewe ikaanza kumpotea. Akamwambia Mwalimu, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba akae kimya kidogo, watu wana mambo yao. Mwalimu alimshukuru kwa kumpa nafasi, akasimama, akawasomea shairi la beti saba kuhusu bahari. Kumkataza mtu mwenye kipuli ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

Bi Mwanasiti aliita bajaji mbili kubwa za umeme ziwapeleke Amboni, na alisema Mwalimu asiruhusiwe kumwelekeza dereva.

*

Ndani ya mapango kulikuwa na ubaridi mzuri, na kwa muda Sikudhani alisahau kukasirika. Mwongoza wageni wao, msichana mchapakazi aliyevaa kofia yenye taa, aliwaonyesha popo, akawaonyesha mawe yaliyoota kama nyama ya ulimi, akawaeleza mahali watu wanapoacha sadaka. Bi Mwanasiti alibaki mlangoni na nyonga yake. Mihayo alitembea mbele kimya. Mwalimu, kama kawaida, alitaka kuona kilichoko upande ambao wengine hawakwenda.

Palikuwa na kamba ya njano. Aliipita kwa kuinama, tochi mkononi.

Msichana aligeuka akamwona. "Wewe mzee, rudi! Hapo shimo, utakufa!"

Mwalimu aliinua mkono kumwashiria kwamba amesikia. Alimshukuru. Kisha akasogea mbele hatua nyingine, kwa uangalifu, kama mtu aliyealikwa.

Sikudhani hakujua magoti yake yalipata wapi nguvu. Aliiruka ile kamba, akamkamata Mwalimu kwenye ukosi wa koti, akamvuta kwa nguvu zote za mtu aliyekanyaga cherehani miaka thelathini. Wakaanguka wote kwa makalio. Tochi ilimponyoka Mwalimu, ikateleza, ikaingia gizani, na ilichukua muda kabla hawajaisikia ikigonga chini.

Nje, kwenye mwanga, msichana alifoka. Mwalimu alijipangusa koti, naye kwa upole akamuuliza Sikudhani kwa nini amemvuta vile.

"Umeambiwa urudi," alisema Sikudhani. "Umeambiwa kuna shimo."

Hilo nalo sijui lilimfikia vipi, kwa sababu alitabasamu. Ilibidi Mihayo aandike kwenye mchanga kwa kijiti, ULISIKIA NINI, ndipo Mwalimu akajieleza. Alisema binti alimwambia, kwa sauti nzuri tu, karibu usogee ujionee, mzee wangu, ila kwa uangalifu.

Sikudhani alikaa juu ya jiwe. Rudi limegeuka karibu. Mtambo umepima, umeona neno "rudi" lina ukali, neno "utakufa" lina ukali zaidi, umetafuta cha kuweka badala yake, na umempeleka mzee wa watu shimoni kwa adabu zote. Sasa kama onyo linaweza kufika likiwa mwaliko, mangapi mengine yamefika yakiwa mengine?

Hotuba yote aliyotoka nayo Kisarawe ilimtoka. Alimgeukia Mihayo.

"Mama alipofariki," alisema, "ulisema nini?"

"Unaniuliza mimi? Si uliyapokea, ukanishukuru kama unavyomshukuru karani?"

"Mihayo. Ulisema nini?"

Akasimulia. Alisimulia bila kumtazama, kwa uchungu wa mtu aliyedhani hataulizwa tena. Siku ile alisimama katikati ya karakana Tabora, wenzake wamezima mashine wamsikilize. Alisema mtumwa wake amekufa, na anataka kujua ni Mzaramo gani aliyethubutu kuchimba kaburi bila ruhusa ya mwenye mali. Alisema asizikwe mtu mpaka yeye afike, alale humo kaburini, alipwe ndipo atoke. Alisema mengine mengi, yaliyowachekesha mafundi wenzake mpaka mmoja akalia. Kisha akafunga begi, akangoja atukanwe. Mtani akitukanwa ndiyo ameitwa. Badala ya matusi ikaja: "Asante kwa salamu za rambirambi. Tumezipokea kwa moyo mkunjufu." Mtani anayeshukuriwa amefukuzwa. Akalifungua begi.

"Mimi sikusema hivyo," Sikudhani alisema. "Mimi nilikwambia kama ulimi wako umekufa useme, nikuzike na wewe."

Mihayo alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na akataka kucheka, ikaonekana. Kisha akajizuia. Ameumia miaka miwili, na mtu aliyeumia hapokei dawa ya kwanza anayopewa. Alisema leo kila mtu anaweza kutamka lolote akausingizia mtambo, hata yeye. Ila maneno ya asili yapo. Wafungue waone.

*

Yapo kweli. Kila neno linalolainishwa, Staha hulihifadhi lilivyotoka mdomoni, na sheria inaruhusu baraza kufungua asili za baraza lake. Sharti ni kwamba kila mwanabaraza aweke dole gumba. Tena hakuna kuchagua: yakifunguliwa yanafunguliwa yote, ya wote, mbele ya wote. Kwa sababu hiyo ni mabaraza machache yanayofungua, na yaliyofungua mengi yake hayapo tena.

Walikwenda kulimalizia Raskazone. Walipata meza chini ya turubai karibu na maji, wakaagiza changu wa kukaanga na mihogo, na Mihayo akaiweka simu yake katikati ya meza kabla samaki hajaletwa. Aliweka dole lake. Bi Mwanasiti aliweka la kwake bila kuulizwa, akisema yeye anayoyasema nyuma huyasema na mbele, mtambo haujampa faida yoyote.

Mwalimu aliandikiwa habari yote kwenye karatasi ya kufutia mikono. Aliisoma, uso ukamng'aa. Akajifuta kidole kwa makini, akaweka dole gumba, tena akalikandamiza.

Alisema alikuwa anaitamani siku hii. Akafungua picha kwenye simu yake, akamsogezea Sikudhani. Ilikuwa picha ya kaburi, marumaru nyeupe kati ya mibuni, kaburi la marehemu mkewe, Thekla. Chini ya jina palichongwa: AMEPUMZIKA, NA MASHAIRI YATABAKI NAYE. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Maneno ya rafiki, S. Chaurembo.

"Katika watu wote walionipa pole," alisema Mwalimu, "ni wewe uliyenishika mkono. Nasikia Staha hufupisha. Nataka nikusikie ulivyosema mwenyewe, kwa urefu wake."

Sikudhani aliyatazama yale maandishi na jasho likamtoka mgongoni.

Alikumbuka. Ilikuwa miezi kadhaa baada ya kumzika mama. Mwalimu alikuwa anarusha barazani tenzi za kumlilia mkewe, utenzi juu ya utenzi, na wakati ule Sikudhani alikuwa na vazi la harusi lililorudishwa mara ya pili na kilio kisichotoka. Alishika simu, akaiambia: "Huyo mama kafa apate kupumzika na mashairi yako." Akacheka peke yake, akaendelea kushona. Mwalimu alijibu kwamba amelia na anamshukuru dada yake, na Sikudhani hakujisumbua kufikiri alichokuwa anashukuriwa.

Sasa mzee anataka kulisikia kwa urefu wake.

"Bonyeza, mama," Mihayo alisema.

Dole lilikuwa juu ya kioo. Akibonyeza, atayasikia yale ya karakana, kila neno, kwa sauti ya Mihayo ya siku ileile, na pengine kifua kitafunguka. Na hapohapo Mwalimu atasikia ya kwake. Asipobonyeza, mzee atarudi Mbinga na jiwe lake, na Mihayo atarudi Tabora akiamini kwamba Sikudhani ni mwongo. Akaurudisha mkono mapajani.

"Sibonyezi."

Mihayo aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alisema amekwishaelewa, na hakuna haja ya kusumbua watu. Akasimama, akaanza kutafuta pochi alipie samaki ambaye hajafika.

Ilikuwapo njia ya mkato, na Sikudhani aliiona. Angeweza kumfuata Mihayo pembeni akamnong'oneza mambo yalivyo, wakacheka, wakapatana, na Mwalimu akabaki mezani na sikio lake lililozibwa, akitabasamia bahari. Hakuna ambaye angeumia. Lakini huyu mzee leo nusura auawe na maneno mazuri, na yeye ndiye aliyemkamata ukosi. Amtoe shimoni asubuhi, halafu mchana amwachie atumbukie jingine? Aliwakasirikia wote: Mihayo kwa ukaidi wake, Mwalimu kwa tenzi zake, na yeye mwenyewe zaidi ya wote.

"Mwalimu," alisema, "toa hicho kidude sikioni."

Mwalimu alikigusa kipuli, akasema asante, ni zawadi ya mwanawe.

"Kitoe. Nina jambo la kukwambia."

Akasema hata yeye anaona kinampendeza.

Sikudhani alishusha pumzi. Akanyoosha mkono juu ya meza, na kwa vidole vilivyozoea kuchomoa sindano iliyovunjika, akakichomoa kile kipuli sikioni mwa mzee, akakiweka kwenye kisahani cha chumvi. Mwalimu alishtuka. Alikunja uso, akageuka kutazama watoto waliokuwa wakitukanana majini, akamtazama mwenye mgahawa aliyekuwa akimgombeza mpishi. Alionekana kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji.

Basi akamwambia. Hakupunguza. Alimwambia neno lilivyokuwa, na kwamba alicheka baada ya kulisema, na kwamba lililoko kwenye jiwe si lake, limetungwa na mtambo. Alipomaliza, samaki walikuwa wameletwa na hakuna aliyewagusa.

Mwalimu alivua kofia, akaishika magotini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa siku ile," aliuliza, "nani alinipa pole?"

Bi Mwanasiti aliinamisha kichwa. Yeye naye, ukweli, aliwahi kusema kwenye simu kwamba huyo baba apewe maji ya kunywa anyamaze. Mihayo alikuwa bado amesimama na pochi mkononi.

Sikudhani alitoka kwenye kiti, akazunguka meza, akakaa chini mchangani mbele ya Mwalimu, magoti yakalia. Alikaa kama wanawake wanavyokaa kwenye jamvi la matanga, miguu imenyooka, mtandio begani.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Pole sana kwa kufiwa na mkeo. Nimechelewa."

Mwalimu alimtazama akiwa pale chini.

"Nimeipokea," alisema. Kisha akaongeza: "Lile jiwe nitaliacha. Maneno ni mazuri, Thekla angeyapenda. Jina lako nitalifuta."

Sikudhani aliitikia kwamba ni haki yake. Lilimwingia hilo, likamwingia sana, na hakuwa na mtu wa kumlaumu. Alishika mguu wa meza ajiinue aende zake kituoni, kwa kuwa alilokuja kulifanya Tanga limeshaharibika, na mengine aliyaharibu mwenyewe.

Hakuinuka. Mihayo alikuwa amekuja, akaitupa pochi mezani, akajilaza chali mchangani mbele yake, urefu wake wote, mikono kifuani kama maiti.

"Hapiti mtu hapa," alisema kwa sauti ya kusikika pwani nzima. "Mtumwa wangu Bi Mwavita amezikwa bila ruhusa yangu, na huyu mla nazi aliyemzika ninaye hapa. Naambiwa walimfunika mchanga harakaharaka wawahi pilau. Sitoki. Nataka jogoo wangu, na awe jogoo mwenye nyama, siyo hao wa Kisarawe wanaotembea wameegemea ukuta."

"Toka, mchukuzi wewe," Sikudhani alisema.

"Kwanza mlimvisha nini? Sanda ulishona wewe? Basi mama wa watu ameingia ahera mkono mmoja mrefu mmoja mfupi."

Alicheka. Kicheko kilimtoka tumboni bila kuombwa, kikafika kooni, hapo kikageuka, na kile kilichokuwa kimegoma miaka miwili kikatoka chote kwa mkupuo. Alilia kwa sauti, akampiga Mihayo mateke ya mbavuni, akimtukana Mnyamwezi huyo na babu zake waliobeba mizigo, na Mihayo akiyapokea mateke naye akizidi kudai jogoo, machozi yakimtiririkia masikioni. Watu walisimama kutazama. Mwenye mgahawa alitoka na mwiko mkononi.

Mwalimu Ndunguru aliyasikia yale matusi yote yalivyo, kwa masikio yake mawili. Alimwinamia Bi Mwanasiti akamuuliza, kwa wasiwasi, kama haifai waende kuwaamulia.

"Waache, Mwalimu," alisema Bi Mwanasiti. "Wanazika."